Darubini ya James Webb: Kwa Nini Ilijengwa Hivyo, na Inatafuta Nini Angani

Alasiri ya Sikukuu ya Noeli ya mwaka 2021, wakati familia nyingi za Afrika Mashariki zilikuwa zimekwisha kurudi kutoka kanisani na kuketi pamoja mezani, roketi aina ya Ariane 5 iliruka kutoka Kourou, katika Guyana ya Kifaransa, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki. Ilikuwa saa 9:20 kwa saa zetu. Ndani ya kichwa cha roketi hiyo ilikuwamo darubini kubwa kuliko zote zilizowahi kupelekwa angani, ikiwa imekunjwa kama mwavuli. Dakika 27 baadaye roketi iliiachia darubini hiyo iendelee na safari peke yake. Amri za kwanza kutoka kwa waongozaji wake, waliokuwa Baltimore nchini Marekani, zilipitia kituo cha mawasiliano cha Malindi, katika pwani ya Kenya. Hivyo safari hiyo iligusa pwani yetu tangu saa yake ya kwanza.

Darubini hiyo inaitwa James Webb, kwa jina la kiongozi aliyesimamia Shirika la Anga la Marekani, NASA, kati ya mwaka 1961 na 1968. Ni kazi ya pamoja ya NASA, Shirika la Anga la Ulaya na Shirika la Anga la Kanada. Tangu Julai 2022 picha zake zimeenea duniani kote, na pamoja nazo yameenea maneno mengi, mengine ya kweli na mengine ya uzushi. Wapo wanaosema kwamba darubini hii imeuona mwanzo wa uumbaji wenyewe. Wapo wanaosema kwamba imevunja nadharia zote za sayansi. Na wapo wanaouliza, kwa haki kabisa, kama fedha iliyotumika haikuwa na kazi nyingine ya kufanya. Katika makala hii tunapenda kueleza jinsi darubini hii ilivyojengwa, sababu za kujengwa hivyo, mambo inayoyatafuta, na mipaka ya yale inayoweza kutuambia.

Kutazama mbali ni kutazama zamani

Nuru husafiri kwa kasi kubwa mno, takriban kilomita 300,000 kwa kila sekunde. Hata hivyo kasi hiyo ina kikomo. Mwanga wa mwezi hutufikia baada ya sekunde moja na kitu. Mwanga wa jua hutumia dakika 8 na ushei. Na nyota iliyo jirani kuliko zote na jua letu ipo mbali kiasi kwamba nuru yake husafiri zaidi ya miaka 4 kabla ya kuyafikia macho yetu. Mtu anayemtazama mkata miti ng'ambo ya bonde huona shoka likishuka kwanza, kisha ndipo husikia mlio. Sauti inayomfikia ni ya pigo lililokwisha kupita. Ndivyo ilivyo kwa nuru ya nyota: tunachokiona ni hali ya jana, si ya leo.

Kwa sababu hiyo, anayetazama mbali zaidi huona zamani zaidi. Wanasayansi wanakadiria kwamba ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8. Ipo nuru iliyoanza safari yake wakati nyota na galaksi za kwanza zilipokuwa zinawaka, nayo inaendelea kutufikia hata leo. Anayeweza kuikamata nuru hiyo anaweza kuona, kwa namna fulani, ujana wa ulimwengu.

Tatizo ni kwamba nuru hiyo haitufikii katika hali iliyotoka nayo. Ulimwengu wote unatanuka, na nuru inayosafiri ndani yake hunyooshwa pamoja nao. Mawimbi yaliyoanza yakiwa mafupi huwasili yakiwa marefu. Nuru ya galaksi za mwanzo ilitoka ikiwa kali, ya rangi ya zambarau na hata kupita zambarau. Inapotufikia imekwisha kunyooshwa mpaka imepita rangi nyekundu, ikawa mionzi ya infraredi, ambayo jicho la mwanadamu haliioni.

Mionzi hii si jambo geni kwetu. Mama anayepikia jiko la mkaa anaifahamu bila kufundishwa darasani. Jioni, makaa yanapofifia na wekundu wake kutoweka, jiko huonekana jeusi kama limezimika. Lakini akikiweka kiganja karibu, anahisi joto. Makaa bado yanatoa mionzi, ila macho hayawezi kuiona. Darubini ya James Webb ni jicho lililotengenezwa mahususi kwa ajili ya mionzi ya namna hiyo.

Hapa ndipo ulipo ufunguo wa jambo zima. Kila kitu chenye joto hutoa mionzi ya infraredi: jua, dunia, mwezi, hata darubini yenyewe. Darubini yenye joto ingekuwa kama mtu anayetafuta kimulimuli huku ameshika tochi inayomwaka usoni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na anayetaka kuona joto hafifu la galaksi za kale sharti awe baridi kuliko joto hilo. Umbo la darubini hii, vifaa vyake na mahali ilipowekwa, karibu vyote vinatokana na sharti hilo.

Kioo cha vipande kumi na vinane

Hitaji la kwanza ni kukusanya nuru ya kutosha. Nuru ya galaksi za mwanzo ni hafifu mno, hata inalazimu kuikinga kwa saa nyingi, kama mtu anavyokinga maji ya mvua ya rasharasha. Mwenye kikombe hupata matone. Mwenye beseni pana hupata maji. Darubini ya Hubble, iliyorushwa mwaka 1990, ina kioo kikuu chenye kipenyo cha mita 2.4. Kioo cha Webb kina kipenyo cha mita 6.5, na eneo lake la kukusanyia nuru ni takriban mara sita ya lile la Hubble.

Lakini kichwa cha roketi ya Ariane 5 kina upana wa mita 5.4 tu. Kioo kizima kisingeingia. Wahandisi wakakigawa katika vipande 18 vya pembe sita, kila kimoja kikiwa na upana wa mita 1.32. Umbo la pembe sita lilichaguliwa kwa sababu vipande vyake hupangika bila kuacha mapengo, kama masega ya nyuki. Vipande sita, vitatu kila upande, vilikunjwa nyuma wakati wa safari, mithili ya mabawa ya ndege aliyetua.

Vipande hivyo havikutengenezwa kwa kioo cha kawaida, bali kwa madini ya berili, ambayo ni mepesi, magumu, na hayapindi ovyo katika baridi kali. Juu yake ilipakwa dhahabu, kwa kuwa dhahabu huakisi vizuri mno mionzi ya infraredi. Msomaji asidhani kwamba hapo ndipo fedha ilipokwenda: tabaka hilo ni jembamba kiasi kwamba dhahabu yote iliyotumika haifiki gramu 50.

Lipo jambo moja linaloonesha uangalifu wa mafundi hao. Hata berili hubadilika umbo kidogo inapopoa. Kwa hiyo vioo vilipimwa vikiwa katika baridi kali, kasoro za umbo zikaandikwa, kisha vikasuguliwa upya kwa kuzingatia kasoro hizo. Maana yake ni kwamba vilipokuwa karakanani, katika joto la kawaida, havikuwa na umbo sahihi, na hilo lilikuwa kusudi la mafundi. Usahihi wao ulikamilika baada ya kupoa.

Mwavuli wa tabaka tano

Hitaji la pili ni ubaridi. Chini ya kioo umetandazwa mwavuli mkubwa wenye tabaka tano za plastiki maalumu iitwayo Kapton, iliyopakwa alumini. Mwavuli huo una urefu wa takriban mita 21 na upana wa mita 14, sawa na uwanja wa tenisi, ilhali unene wa kila tabaka ni kama wa unywele. Kazi yake ni kuzuia joto la jua lisifike kwenye vioo.

Kwa nini tabaka tano, wala si moja nene? Kwa sababu joto linalopenya tabaka la kwanza hukutana na uwazi mtupu kabla ya kulifikia la pili, na sehemu kubwa hupotelea pembeni, kupitia nafasi iliyo kati ya tabaka hizo. Hivyo kila tabaka huwa na baridi kuliko lililotangulia. Upande unaotazama jua joto hupita nyuzi 80 za Selisiasi. Upande wa vioo joto hushuka hadi takriban nyuzi 233 chini ya sifuri. Tofauti hiyo ya zaidi ya nyuzi 300 inapatikana bila umeme wala mashine, kwa kivuli tu.

Nyuma ya kioo kikuu vipo vyumba vya ala nne za kisayansi, zilizotengenezwa Marekani, Ulaya na Kanada. Baadhi ni kamera za kupiga picha. Nyingine huichambua nuru na kuitenganisha katika rangi zake, kama matone ya mvua yanavyofanya upinde angani. Mojawapo ina vilango vidogo takriban robo milioni, ambavyo kila kimoja hufunguliwa au kufungwa peke yake, ili nuru ya galaksi zaidi ya mia ichambuliwe kwa mara moja. Ala nyingine, inayopokea mionzi yenye mawimbi marefu zaidi, haitosheki hata na baridi ya kivuli. Hiyo imewekewa jokofu lake, linalotumia gesi ya heli, ambalo huishusha hadi nyuzi 266 chini ya sifuri.

Mahali pasipofikika na fundi

Hitaji la tatu ni mahali panapofaa. Hubble inaizunguka dunia kwa karibu, kilomita mia kadhaa tu juu ya vichwa vyetu, na huko joto la dunia lingeisumbua Webb daima. Kwa hiyo Webb ilipelekwa umbali wa kilomita milioni 1.5, karibu mara nne ya umbali wa mwezi, upande wa dunia ulio kinyume na jua. Huko mvuto wa jua na ule wa dunia hushirikiana kwa namna inayoiwezesha darubini kulizunguka jua sambamba na dunia yetu, bila kuachwa nyuma na bila kutumia mafuta mengi. Faida yake ni kwamba jua, dunia na mwezi vyote viko upande mmoja, na mwavuli mmoja unatosha kuvikinga.

Umbali huo ulikuwa na gharama yake. Itakumbukwa kwamba Hubble ilipofika angani mwaka 1990, iligundulika kuwa kioo chake kilisuguliwa vibaya, na picha zake zilikuwa na ukungu. Desemba 1993 wanaanga walipanda hadi ilipo na kuirekebisha. Kwa Webb tumaini la namna hiyo halikuwepo. Ilikuwa na mambo 344 ambayo lolote kati yake likishindikana lingeweza kuiharibu kazi nzima, na mengi ya hayo yalihusu kukunjua mwavuli na vioo.

Wiki mbili zilizofuata Noeli ile zilikuwa za mashaka kwa maelfu ya wahandisi na wanasayansi wa nchi 14 walioshiriki kazi hiyo, baadhi yao kwa zaidi ya miaka 20. Mwavuli pekee ulifungwa kwa pini 107 zilizopaswa kufunguka zote. Zilifunguka. Tarehe 4 Januari 2022 tabaka zote tano zilikuwa zimevutwa na kunyooka. Tarehe 8 Januari bawa la mwisho la kioo likafunga mahali pake. Na tarehe 24 Januari darubini ikawasili kwenye kituo chake.

Hata hapo kazi ilikuwa haijaisha. Darubini ilipoelekezwa kwenye nyota moja, ilirudisha picha yenye nyota kumi na nane, kila kipande cha kioo kikiona kivyake. Nyuma ya kila kipande vipo vijimota, vinavyoweza kukisogeza kwa hatua ndogo mno, maelfu ya mara chini ya unene wa unywele. Kwa wiki kadhaa vipande vikasogezwa kidogo kidogo, mpaka mwezi Machi 2022 nyota zile kumi na nane zikawa nyota moja. Roketi nayo iliielekeza darubini kwa usahihi mkubwa, hata mafuta yaliyookolewa yanatarajiwa kuiwezesha kufanya kazi kwa zaidi ya miaka 20, badala ya miaka 10 iliyotarajiwa.

Malengo manne

Kazi ya kisayansi ya darubini hii ilipangwa katika malengo makuu manne.

Lengo la kwanza ni kutafuta nyota na galaksi za mwanzo. Baada ya mwanzo wenye joto kali ambao wanasayansi huuita Mlipuko Mkuu, ulimwengu ulipoa, ukapita katika kipindi kirefu cha giza kabla ya nyota za kwanza kuwaka. Mwezi Mei 2024 ilitangazwa kwamba Webb imeiona galaksi iliyokuwapo wakati ulimwengu ulikuwa na umri wa takriban miaka milioni 300 tu. Nuru yake imenyooshwa mara 15 na ushei tangu ilipotoka. Kwa kulinganisha, kama umri wote wa ulimwengu ungekuwa siku moja ya saa 24, galaksi hiyo ilikuwa inawaka kabla nusu saa ya pili haijaanza kupita sana.

Lengo la pili ni kufahamu jinsi galaksi zilivyokua, kutoka zile ndogo na zisizo na umbo hadi kubwa zenye mikono ya mzunguko kama hii yetu. Hapa darubini imeleta mshangao. Galaksi za mwanzo ni nyingi na zinang'aa kuliko ilivyotarajiwa. Aidha yameonekana madoa madogo mekundu, mengi, ambayo asili yake bado inajadiliwa. Wataalamu kadhaa wanadhani ndani yake yamo mashimo meusi yanayomeza gesi.

Lengo la tatu ni kuona nyota na sayari zinavyozaliwa. Nyota huzaliwa ndani ya mawingu mazito ya gesi na vumbi, na vumbi hilo huzuia mwanga wa kawaida. Mionzi ya infraredi hupenya. Wengi wetu tumeiona picha ya mawingu yaitwayo Nguzo za Uumbaji, yaliyo umbali wa miaka ya nuru 6,500, ambayo Hubble iliifanya ijulikane mwaka 1995. Katika picha ya Hubble nguzo hizo huonekana kama minara mizito. Katika picha ya Webb ya mwaka 2022 zimekuwa kama pazia jepesi, na ndani yake zinaonekana nyota changa ambazo hazikuwahi kuonekana hivyo.

Lengo la nne ni kuchunguza sayari zinazozunguka nyota nyingine. Sayari inapopita mbele ya nyota yake, sehemu ndogo ya nuru ya nyota hupenya katika angahewa ya sayari hiyo, na kila gesi huacha alama yake katika nuru. Kwa njia hiyo, mwezi Agosti 2022, Webb iligundua hewa ya ukaa katika angahewa ya sayari kubwa yenye joto kali, iitwayo WASP-39 b, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru 700. Ulikuwa ushahidi wa kwanza ulio wazi wa gesi hiyo katika sayari iliyo nje ya familia ya jua letu.

Yale ambayo darubini haisemi

Tumeona ni vema kulisemea jambo hili, kwa kuwa linagusa uaminifu wetu kama wasomaji na kama waamini.

Mwezi Aprili 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walitangaza kwamba katika sayari K2-18 b zimeonekana dalili za gesi ambayo hapa duniani huzalishwa zaidi na viumbe hai wa baharini. Magazeti mengi yaliandika kana kwamba uhai umepatikana. Wataalamu wengine walipozichambua takwimu zilezile walisema kwamba dalili hizo ni hafifu mno kuthibitisha jambo zito kiasi hicho. Ndivyo sayansi inavyofanya kazi: mmoja husema, wengine hupima, na muda huamua.

Vivyo hivyo, galaksi zile zinazong'aa kuliko ilivyotarajiwa zilipotangazwa, wapo walioandika kwamba nadharia ya Mlipuko Mkuu imeanguka. Haikuanguka. Swali lililozuka ni jinsi galaksi za mwanzo zilivyotengeneza nyota kwa haraka hivyo. Swali la kama ulimwengu umetanuka kutoka hali ya msongamano na joto kali limebaki na jibu lake lilelile. Na wapo pia wanaosambaza picha za mawingu ya angani kwa simu wakisema kwamba ni mlango wa mbinguni. Mkristo hana haja ya uongo ili kuitetea imani yake.

Katika hili tunaye mwalimu. Aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kueleza kwamba ulimwengu unatanuka, mwaka 1927, na aliyependekeza mwaka 1931 kwamba ulimwengu ulianza kutoka hali moja iliyosongamana, ni Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji, aliyepata Daraja Takatifu ya Upadre mwaka 1923. Baba Mtakatifu Pio XII, mwaka 1951, aliihusisha elimu hii mpya na fundisho la uumbaji. Padre Lemaître hakupenda nadharia yake itumike hivyo. Kwake, mwanzo unaochunguzwa na fizikia na uumbaji unaoungamwa na Kanisa ni mambo mawili yanayojibu maswali mawili: la kwanza huuliza vitu vimekuwaje, la pili huuliza kwa nini kuna vitu badala ya kutokuwepo kitu chochote. Alikuwa Rais wa Taasisi ya Kipapa ya Sayansi tangu mwaka 1960 hadi alipofariki dunia mwaka 1966, na mwaka 2018 wanaastronomia wa dunia waliazimia jina lake liunganishwe na la Edwin Hubble katika kanuni ya kutanuka kwa ulimwengu.

Kumbe, anayedai kwamba Webb imemthibitisha Mungu na anayedai kwamba imemkanusha wanafanya kosa lilelile. Kifaa cha kupimia nuru kinapima nuru. Galaksi ya kale kuliko zote bado ni kiumbe kati ya viumbe. Hata siku ikipatikana nyota ya kwanza kabisa, swali la kwa nini ipo litakuwa halijaguswa.

Swali la fedha

Mradi huu uligharimu takriban dola bilioni 10 za Marekani, na ulichelewa kwa miaka mingi. Mwaka 2011 ulinusurika kufutwa na Bunge la nchi hiyo. Anayeuliza kama fedha hiyo haikupaswa kuchimba visima na kujenga zahanati hafanyi kosa. Anauliza swali la haki, na Kanisa limewafundisha waamini wake kuliuliza.

Hatuna jibu la kulifunga swali hilo, lakini yapo mawili ya kupima. La kwanza, gharama hiyo ilisambaa katika zaidi ya miaka 20, na ikalipa mishahara ya watu na elimu waliyoipata, ambayo haikurushwa angani pamoja na roketi. La pili ni kwamba matunda yake hayakufungiwa kwa waliolipa. Takwimu za darubini hii huwekwa wazi bila malipo, baadhi papo hapo na nyingi ndani ya mwaka mmoja, na mwanafunzi wa Dodoma au Kisumu mwenye intaneti anaweza kuzifungua sawa na profesa wa Chicago. Mwanasayansi wa nchi yoyote anaweza pia kuomba muda wa kuitumia, na maombi hupimwa huku majina ya waombaji yamefichwa, ili wazo lenyewe ndilo lishindane.

Mlango huo upo wazi, lakini hauna faida kwa asiyefundishwa kuupita. Ikiwa shule zetu hazina maabara wala walimu wa fizikia, ufichaji wa majina hautatusaidia kitu. Swali la fedha linaturudia sisi pia: tunawaandaaje watoto wetu?

Hitimisho

Tarehe 16 Juni 2025 Baba Mtakatifu Leo XIV alikutana na vijana wanasayansi kutoka nchi mbalimbali waliokuwa wakishiriki masomo yaliyoandaliwa na Kituo cha Vatikani cha Uchunguzi wa Anga. Mada yao mwaka huo ilikuwa darubini hii ya James Webb. Aliwahimiza wawe wakarimu katika kuwashirikisha wengine yale wanayojifunza.

Ukarimu huo unaweza kuanzia mahali padogo. Tunawaalika walimu, makatekista na wazazi, usiku ambao mwezi haupo na umeme umekatika, wawatoe watoto nje, wawaoneshe ukanda mweupe wa nyota unaokatiza anga, na kuwaeleza kwamba nuru ile iliondoka huko zamani, kabla ya babu wa babu zao. Mmoja wao akiuliza kuna nini zaidi ya hapo, aambiwe ukweli: wapo watu wanaotafuta, kifaa chao kiko kwenye baridi kali umbali wa kilomita milioni 1.5, na bado wanahitaji wasaidizi.